Rangi Aliyochagua Apiyo

Muhula wa pili Apiyo alikuja shuleni peke yake. Muhula uliotangulia walikuwa wawili, yeye na pacha wake Adongo, wakishikana mikono mpaka mlangoni, na watoto wenzao wa chekechea walikuwa wamezoea kuwaita kwa jina moja, Rude, kwa sababu ndivyo Wajaluo wanavyowaita pacha, na isitoshe hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Sasa alikuja mmoja, na watoto hawakujua wamwite nani.

Mwalimu wao aliitwa Elsie. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, aliyekuja Kisumu kusomea ualimu wa watoto wadogo akaishia kubaki. Shule yenyewe ilikuwa ya mabati, nyuma ya kanisa, katikati ya mtaa wa Obunga. Jua likiwaka darasa lilikuwa kama tanuri, mvua ikinyesha mwalimu hakusikika. Elsie aliipenda hivyo hivyo.

Kilichompata Adongo alikijua kama kila mtu pale mtaani alivyokijua. Mama yao, Benta, alikuwa akikaanga mgongo wazi mbele ya nyumba yake, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Siku moja ya likizo ya Aprili alivuka kwa jirani yake, Mama Awuor, kuomba chumvi. Alisikia mayowe akiwa bado mlangoni kwa huyo jirani. Aliporudi, Adongo alikuwa ameangukia karai la mafuta. Mtoto alipelekwa hospitalini na akafia huko.

Watu walisema Benta aliacha watoto na moto. Baba yao, Ouma, fundi wa injini za boti, alilisema hilo mbele ya waombolezaji, nyumbani kwao Asembo Bay, na mama yake akaongeza kwamba mwanamke huyo asikaribie kaburi. Benta alisimama kando ya ua wa mikuyu mpaka wakamaliza kufukia. Kisha akarudi Obunga na mtoto aliyebaki. Ouma hakurudi.

Mwezi ule wa kwanza Apiyo hakusema neno darasani. Aliuma watoto. Hakuwa na sababu inayoonekana. Mtoto angepita karibu naye akielekea kunywa maji, naye angemshika mkono na kuuma mpaka meno yaache alama. Brandon, mvulana mnene mwenye roho nzuri, aliumwa mara mbili wiki moja, na mama yake akaja kusema kwamba mtoto huyo afukuzwe.

"Mpe muda," Elsie alimwambia.

"Muda wa kumaliza mkono wa mtoto wangu?"

Mwalimu mkuu, Madam Mercyline, aliegemea upande wa mzazi, lakini hakuwa mtu mgumu. Alimpa Elsie mpaka mwisho wa muhula.

Mwaka uliopita Elsie alikuwa amehudhuria mafunzo ya walimu wa chekechea katika ukumbi mmoja wa mjini. Walifundishwa kuwasaidia watoto kuzitambua hisia zao kwa kupaka rangi. Mtoto mdogo, mkufunzi alisema, anajaa kitu asichokijua jina, na kitu kisicho na jina hutoka kwa meno na kwa ngumi. Mpe rangi, kisha mpe jina. Njano ni furaha, buluu ni huzuni, nyekundu ni hasira, nyeusi ni uoga. Elsie alirudi na pakiti za krayoni na imani kubwa. Kwa kuwa shule haikuwa na mashine ya kutoa nakala, alichora nyuso kwa mkono, mviringo na macho na mdomo, karatasi moja kwa kila mtoto, na kila asubuhi watoto walipaka uso rangi ya vile walivyojisikia.

Wengi walifurahia. Brandon alipaka njano siku nzima kwa sababu nyumbani kulikuwa na chapati. Msichana mwingine alipaka buluu upande mmoja na njano upande wa pili, akaeleza kwamba paka wao amepotea lakini shangazi amekuja. Elsie alicheka hadi machozi yakamtoka, na jioni akawasimulia walimu wenzake.

Apiyo alivunja krayoni. Alirarua uso wake vipande viwili, akavirusha chini ya dawati.

Elsie hakumgombeza. Alileta karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, aliyokuwa ameipangusa vumbi, akaitandaza sakafuni nyuma ya darasa, akampa krayoni nyekundu tupu. "Hii huwezi kuirarua," alimwambia. "Paka. Paka mpaka mkono uchoke. Ukipaka, toa pumzi, hivi." Akapaka mstari mmoja, akipumua polepole.

Mtoto alimtazama. Kisha akapiga magoti, akaanza kupaka, akigandamiza kwa nguvu hadi krayoni ikawa kijiti, jasho likamtoka puani, na alipomaliza alilala palepale juu ya karatasi. Elsie akawaambia watoto wengine wapunguze kelele.

Ilikwenda hivyo kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja mtoto mmoja alimkanyaga Apiyo kwa bahati mbaya. Elsie aliona bega la mtoto likipanda, akaona meno, akaanza kuinuka. Lakini Apiyo aligeuka, akaenda hadi kwenye kopo la krayoni, akachukua nyekundu, akaja kusimama mbele ya mwalimu akiwa ameinyoosha kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Nyekundu ni nini?" Elsie aliuliza.

"Hasira," Apiyo akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza shuleni tangu mazishi. Elsie alimkumbatia, na kwa sababu hakutaka watoto wamwone akilia, alijifanya anamfunga vifungo vya sweta.

Tangu siku hiyo hakuuma tena mtu. Alianza kuongea, maneno machache, kwa sauti ya chini na ya kukwaruza. Alikubali kukaa na Brandon. Mama Brandon mwenyewe alikuja akampa ndizi. Madam Mercyline alimwambia Elsie kwamba amefanya kazi ya Mungu, naye Elsie, akirudi nyumbani jioni, alijikuta akitembea haraka kama mtu mwenye habari njema ya kupeleka mahali.

Mwezi wa Julai Apiyo akaiacha nyekundu. Akawa anachukua nyeusi. Hakupaka uso wote. Aliongezea uso ule mikono, akaipaka nyeusi mikono peke yake, kila kidole, kwa uangalifu, na uso akauacha mweupe. Alifanya hivyo siku moja, akafanya siku ya pili. Siku ya tatu Elsie alikaa chini karibu naye wakati wenzake walikuwa nje wakicheza.

"Nyeusi ni nini?"

"Uoga."

"Unaogopa nini, nyathina?" Neno hilo, mtoto wangu, lilikuwa kati ya maneno machache ya Kijaluo aliyoyajua vizuri.

"Mikono."

"Mikono ya nani?"

Apiyo alitazama mlango. "Yangu. Ilivuta kiti."

Akasimulia, bila kulia, jinsi watoto wanavyosimulia walichokula. Kulikuwa na kigoda kimoja, kile cha mama cha kukaangia. Adongo alikikalia. Yeye pia alikitaka. Alimwambia Adongo ashuke, Adongo akakataa, akamtolea ulimi. Yeye akakivuta kwa nguvu. Adongo akaanguka nyuma. Nyuma kulikuwa na karai.

Elsie alimsogelea. "Haikuwa kosa lako," alisema. "Mlikuwa mnacheza. Watoto wote huvutana viti."

"Usiambie Mama."

Hapo ndipo Elsie alipopaswa kunyamaza. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba mtoto asibebe mzigo peke yake, na kwamba mzazi ndiye bega la kwanza. Tena alikuwa ameona mambo yakitendeka mbele ya macho yake. Mtoto aliyeuma sasa alikula ndizi na wenzake. Aliamini kwamba njia iliyowafikisha pale ingewafikisha mbele zaidi. Kwa siku kadhaa alizungumza na Apiyo, taratibu, bila kumharakisha.

"Mama akijua," alimwambia, "atakukumbatia, na uoga utaisha."

"Utaisha?"

"Utaisha."

Apiyo alikubali. Alisema ataonyesha mikono ile nyeusi, halafu aseme.

Benta alikuja Ijumaa baada ya watoto kuondoka. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyekonda tangu Aprili mpaka nguo zikaonekana za kuazima. Alikuwa amejifunga leso safi na kunawa, lakini harufu ya mafuta ya samaki ilikuwa imemwingia kwenye ngozi, naye alikaa mbali kidogo kama anayelijua hilo. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Amekosa nini tena?" aliuliza.

"Hajakosa. Anaendelea vizuri sana. Kuna kitu anataka kukuambia."

Apiyo alimpa mama yake karatasi. Benta akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nini?"

"Ni mikono," Apiyo akasema. "Mama, mimi ndio nilivuta kiti. Adongo alikuwa amekalia. Nilivuta akaanguka."

Nje mtu alikuwa akigonga bati. Benta aliitazama karatasi, kisha akamtazama mtoto, kisha akairudia karatasi.

"Ulivuta kiti," alisema.

"Ndio, Mama."

"Na mimi nilikuwa kwa Mama Awuor."

"Ndio."

Elsie alipiga magoti kati yao. "Mama Apiyo, yeye ni mtoto wa miaka mitano. Walikuwa wanacheza. Amekuwa akiogopa wakati huu wote. Mshike tu. Hahitaji kitu kingine."

Benta hakumshika. Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya dawati. Aliongea polepole, na hakuwa anaongea na wao. "Miezi yote hii wamesema ni mimi. Hata mimi nimejiambia ni mimi. Nikilala najiambia, nikiamka najiambia."

"Mama," Apiyo akasema, akanyoosha mkono.

Benta akasimama upesi, kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto. Akatoka. Apiyo alimfuata mbio, akijaribu kulishika pindo la leso, na kila mara alipolifikia, mama yake aliongeza mwendo kidogo. Elsie aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona ya kanisa. Alijiambia ni mshtuko. Alijiambia kesho itakuwa tofauti.

Jumatatu Apiyo hakuja shuleni. Jumanne pia. Elsie alipotoka darasani alikwenda moja kwa moja hadi kwa Benta. Alimkuta kwenye karai lake, akigeuza samaki, na wateja wawili wakisubiri. Alisubiri mpaka wakaondoka.

"Apiyo yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake."

"Asembo?"

"Nilimpigia Ouma simu Ijumaa ileile. Nikamwambia mtoto aseme mwenyewe, akasema. Jumapili Ouma akaja na mama yake kumchukua." Benta alipangusa uso kwa mkono wa nguo. "Huyo mama alinisalimia, ticha. Alinishika mkono. Tangu mazishi hakuwa amenisalimia."

"Kwa hiyo umewapa mtoto ili wakusalimie."

Maneno yalimtoka Elsie kabla hajayapima. Benta hakukasirika.

"Sikuwapa ili wanisalimie. Nimewapa kwa sababu siwezi kumwangalia. Akinishika nguo naona kigoda. Akilala kando yangu nasikia vile Adongo alipiga kelele. Nikimwangalia usoni ni Adongo, nikimwangalia mikono ni... Unataka nifanye nini? Nikae naye ndani ya nyumba nimchukie?"

"Ni mtoto mdogo, Benta. Hakujua."

"Najua hakujua. Umri wake ninaujua, nilimzaa mimi." Aligeuza kipande cha samaki ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. "Kama hungemuuliza, ningeendelea kufikiri ni mimi. Na yeye angekuwa hapa. Ningeweza kuishi hivyo. Nilikuwa nimeanza kuzoea."

Elsie aliaga akaondoka. Alikwenda kwenye ofisi ya watoto mjini, akasubiri foleni, akaeleza. Afisa alimsikiliza kwa adabu. Mtoto yuko na baba yake mzazi, alisema, yuko kwa nyanya yake, anakula, hapigwi. Hakuna jambo la kushtaki. Elsie alipouliza kama kuna mtu wa kuongea na familia hiyo, afisa alisema yuko mmoja kwa eneo lote, na kwamba ana kesi za watoto waliovunjwa mifupa.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Elsie alikwenda Asembo Bay. Alibeba karatasi, na krayoni mpya alizonunua kwa ajili ya mtoto huyo tu.

Boma la kina Ouma lilikuwa juu kidogo ya ufuo. Nyanya, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimkaribisha vizuri, akampa uji na kiti cha kivulini. Ouma hakuwepo, alikuwa ameitwa kutengeneza injini.

"Hatumpigi," nyanya alisema kabla hajaulizwa. "Usifikirie tunamtesa. Ni damu yetu."

"Anacheza na wenzake?"

Nyanya alifikiri. "Wanamwogopa. Mtu aliwaambia, nao ni watoto. Wakikaa mahali yeye akikuja, wanasimama. Wanasema atawavuta kiti." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Nimewakataza, lakini huwezi kukataza mdomo. Hata watu wazima. Juzi kulikuwa na maombi hapa, mtu akaniambia nisimwache karibu na moto. Na baba yake hamsemeshi. Anapita tu. Nimemwambia, Ouma, huyu ndiye umebaki naye. Anasema ndio, Mama, halafu anapita."

"Naweza kumrudisha Kisumu? Akae na mimi, asome?"

"Wewe ni nani yake?" nyanya aliuliza, si kwa ubaya. Lilikuwa swali la haki, na Elsie akauliza tu mtoto yuko wapi.

Apiyo alikuwa ufuoni, akianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye wavu uliotandazwa juani. Alikuwa peke yake. Mbele kidogo watoto wengine walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa kikundi, wakisukumana na kucheka. Alimwona mwalimu akija, akasimama wima, mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama mbele ya mgeni.

"Habari yako, Apiyo."

"Mzuri, Ticha."

"Umenisahau?"

"Hapana."

Elsie alikaa kwenye mchanga. Apiyo hakukaa mpaka alipoambiwa. Elsie alitoa karatasi iliyokuwa tayari na uso, akafungua pakiti, akazipanga krayoni zote juu ya begi lake. "Unakumbuka? Unachagua vile unajisikia leo. Rangi yoyote. Hata nyeusi. Hakuna mtu ataona, ni mimi tu."

Mtoto alizitazama zile krayoni. Mkono wake ulikuwa na magamba madogo ya omena yaliyong'aa. Haukusita, wala haukuizunguka nyeusi. Ulichukua njano. Akainama, akaupaka ule uso wote, ndani ya mstari, bila kuvuka hata mahali pamoja, kwa mkono mwepesi, jinsi ambavyo Elsie alikuwa akijaribu kuwafundisha watoto mwaka mzima bila kufaulu. Alipomaliza alimrudishia.

"Njano ni nini?" Elsie aliuliza, ingawa hakutaka kuuliza.

"Furaha."

"Una furaha, Apiyo?"

"Ndio, Ticha. Niko sawa."

"Unaweza kuniambia kitu kingine. Mimi sitakasirika."

Apiyo aliipanga krayoni ya njano mahali pake, sambamba na wenzake. Alitazama upande wa boma, akatazama wale watoto wengine, akashusha sauti.

"Ticha, ukirudi usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Kitu chochote."

Elsie alimwahidi. Alitaka kusema jambo jingine, samahani labda, lakini mtoto alikuwa ameshainuka kurudi kwenye omena, akizigeuza kwa viganja vyote viwili, upande mmoja hadi mwingine. Elsie alimwachia krayoni zote. Alipokuwa akipanda kuelekea bomani aligeuka nyuma, akaona kwamba Apiyo hajazigusa, na kwamba watoto wale wengine walikuwa wamekaribia, wakaichukua pakiti, wakakimbia nayo. Apiyo aliwaacha.

Kisumu Elsie alimwona Benta mara moja tu kabla ya muhula wa tatu, alipokuwa akipita na mboga zake. Benta alikuwa amenenepa kidogo. Wateja walikuwa wengi kuliko zamani.

"Ulienda?" Benta aliuliza.

"Nilienda."

"Anakula?"

"Anakula."

"Basi." Benta akamgeukia mwanamke aliyekuwa akinyoosha bakuli. Elsie alisubiri swali jingine, akasubiri mpaka ikawa aibu kuendelea kusimama pale, kisha akaenda zake.

Shule zilipofunguliwa aliwafundisha watoto irabu na kuhesabu, na kuchora vitu vilivyo mezani, kikombe, ndizi, kijiko. Hakuchora nyuso tena. Asubuhi moja mvulana mgeni alijikojolea na kukaa chini ya dawati akitetemeka, na Elsie akambadilisha suruali, akampa uji, akamkalisha karibu na dirisha, bila kumuuliza chochote. Madam Mercyline, aliyekuwa amelipenda sana lile somo la rangi na kulisifu hata kanisani, alimuuliza mbona limeachwa. Elsie alisema krayoni zimeisha. Kopo lilikuwa limejaa ndani ya kabati, nyuma ya chaki. Madam Mercyline alisikitika, akasema asiwe na wasiwasi, atawaomba waumini wachange wanunue nyingine.